Kalkulasi ya Pili Nyuma ya Ukuta wa Jiko

Sitaki mtu aniambie hesabu ni tamu. Wanaosema hivyo hawakukaa kwenye ule ukumbi wetu Mbeya, tumebanana, tunamtazama mtu anayeandika ubaoni huku ametupa mgongo. Muhula mzima wa pili mhadhiri wetu wa Kalkulasi nilimfahamu kwa kisogo. Ubao ukijaa anafuta, umeandika hujaandika shauri yako. Ukinyoosha mkono anageuka, anakuuliza ulisoma sekondari gani, ukitaja anacheka, na ukumbi mzima unacheka naye kwa kuogopa kuchekwa. Mimi niliitaja shule yangu ya Kyela mara moja tu. Nikafunga mdomo tangu siku hiyo, na muhula ulipoisha nikawa na sapu.

Sapu ni mtihani wa kurudia. Wengine wanaichukulia kama mafua, inakuja inapita. Yangu haikuwa hivyo. Masomo mengine nilikuwa nimeyapita kwa kuchechemea, wastani wangu ulikuwa umefika ukingoni kabisa, na nikianguka sapu ya Septemba chuo kinanitoa. Vyuoni tunaita kudisko. Ukidisko unabeba begi lako unarudi ulikotoka, na ule ualimu wa hesabu uliojitangazia mtaa mzima ndio umekwisha.

Niliomba kwenda kusomea kwa mama yangu mzazi, kule Katumba Songwe. Alinijibu kwenye simu bila hata kufikiri: "Una kwako, mwanangu." Alikuwa na maana ya Ipyana, kwa wakwe. Niliolewa kabla ya kuingia chuo, mume wangu anafanya kazi mpakani Tunduma, na likizo zote mahali pangu ni kwenye kile chumba cha uani nyuma ya nyumba ya baba yake. Kwa hiyo nikaenda Ipyana na begi, na sapu, na hasira.

Sasa baba mkwe. Alikuwa mwalimu wa hesabu wa sekondari mpaka alipostaafu, akabaki na mashamba yake ya mpunga na kakao na mdomo wake. Kijijini walimwita Profesa. Watu wazima wenye wajukuu, wakikumbuka vipindi vyake, walikuwa bado wanashika masikio. Mimi nilikuwa simjui sura. Msidhani natania. Kwetu Wanyakyusa mkamwana na baba mkwe hawaonani. Ni heshima, tunaiita ukutila, maana yake kuogopa. Harusini nilifunikwa kanga, nikaona miguu yake. Akija njiani anakohoa mapema, nami naingia kwenye mikakao mpaka apite. Sisemi naye, hasemi nami, kama kuna la kusema linapitia kwa mtu mwingine. Siku hizi familia nyingi zimelegeza, utaona mkamwana anapeana mkono na baba mkwe wake kanisani bila wasiwasi. Kwa mama mkwe wangu, thubutu!

Asubuhi ya kwanza nilikuwa jikoni namenya ndizi. Jiko letu ni la nje, la matofali ya kuchoma, na ukuta wake wa nyuma unapakana na baraza anapokaa baba mkwe na kiti chake cha uvivu. Juu ya ukuta kuna matundu ya kutolea moshi. Kila kitu kinasikika. Mama mkwe alikuwa amesimama mlangoni na ungo wa mchele, ndipo nikasikia ile sauti.

"Muulize mke wa mwanao alipata nini kwenye Kalkulasi."

Mama akanigeukia. "Baba anauliza ulipata nini."

"Mwambie nilipata D."

"Anasema D."

"Nimesikia. Mwambie D nilikuwa nawapa wanaolala darasani."

"Mwambie sikulala," nikasema, kisu kikiwa mkononi.

"Anasema hakulala."

"Basi ni mbaya zaidi," akasema yeye.

Nilitamani ukuta uanguke, wala sijali ungemwangukia nani. Ningelia, lakini mama alikuwa ananitazama. Nikaendelea kumenya ndizi mpaka nikakata nusu ya ndizi yenyewe pamoja na ganda.

Hakuna aliyeniuliza kama nataka kufundishwa. Kesho yake tu niliambiwa kupitia kwa mama kwamba masomo yanaanza, niwe jikoni baada ya chai, na nilete maswali. Nikaenda Kyela mjini kutoa kopi za mitihani ya nyuma niliyokuwa nimetumiwa kwenye simu. Mwenye duka, mzee mmoja wa Kiislamu ambaye ukoo wake ulitoka pwani, alizigeuzageuza zile karatasi zilizojaa alama zilizopinda akaniuliza, "Binti, hii ni dua ya nini?" Nikamwambia ni ya kutodisko. "Basi Mungu aitakabali," akasema, na mashine yake ikatafuna karatasi mbili.

Tukaanza. Kalkulasi ya Kwanza ni rahisi kuieleza: unapewa mstari, unatafuta mteremko wake, kuna kanuni, unakariri. Ya Pili inakurudisha nyuma. Unapewa mteremko utafute mstari ulikotoka, na njia ni nyingi na hakuna anayekuambia uchague ipi. Hiyo ndiyo intigresheni. Darasani nilizoea kuiona kwa macho. Sasa nilitakiwa kuifanya kwa masikio, nimekaa kwenye kigoda, moshi unaniingia puani.

Karatasi zangu baba mkwe hakuzitaka. "Mwambie asome. Hesabu isiyosomeka kwa mdomo ni uchafu." Kwa hiyo nilisoma hatua moja moja kwa sauti, na mama akarudia kila neno, ingawa yule aliyekusudiwa alikuwa amesikia tayari. Ndivyo heshima inavyotaka. Mama akichoka anakata maneno katikati.

"Anasema uchague u ni ipi."

"U ni eksi."

"Anasema u ni eksi. Sasa mimi nauliza, hiyo u inaliwa?"

"Konstanti iko wapi?" ikanguruma sauti ya ng'ambo.

"Anauliza konstanti iko wapi."

"Nimeisahau."

"Anasema ameisahau, baba."

"Mwambie mtu asiyeweka konstanti ni mtu anayetoka nje bila nguo."

"Hilo sitamwambia," mama akasema. "Mimi si simu yenu."

Nilimchukia baba mkwe, nasema wazi. Nilimchukia alipokohoa, nilimchukia alipokoroga chai yake. Nikitwanga, mchi ulikuwa unajua namtwanga nani. Akisema "mwambie arudie", narudia. Akisema "mwambie huyo mhadhiri wake naye arudie shule", kidogo tu nataka kucheka, halafu anaongeza, "yeye na mwanafunzi wake," na hasira inarudi pale pale. Kilichoniudhi kuliko vyote ni kwamba nilikuwa naelewa. Kile ambacho kisogo cha ukumbini hakikunipa muhula mzima, kilikuwa kinaingia kupitia matundu ya moshi, na kila nikipata jibu sahihi alinyamaza tu. Pongezi hakuwa nazo. Nilijifunza kwamba kimya chake ndiyo vema yangu.

Siku moja ya soko mama alikwenda Lyulilo, ufukweni kule karibu na Matema, kutafuta vyungu na samaki. Akaondoka alfajiri. Baada ya chai nilikaa jikoni na karatasi zangu, nikasikia kiti cha uvivu kikilia ng'ambo, kisha kikohozi. Hakuna wa kutusemea. Mimi nina swali lililonikwama, yeye ana jibu, na katikati kuna tofali. Nikaanza kukusanya karatasi niende zangu shambani.

"Wewe jogoo," nikasikia.

Kulikuwa na jogoo wao mwekundu, anadonoa pumba pale kwenye pembe ya ukuta, ambapo wote wawili tungeweza kumwona bila kuonana.

"Wewe jogoo, kama una akili, utaona hapo inafaa ubadilishe eksi kuwa tangenti."

Nikaziba mdomo na kanga nisicheke. Halafu nikajaribu, nikaona kweli inafaa.

"Jogoo," nikasema na mimi, "mwambie mwenye nyumba tangenti nimeiweka, jibu ninalo."

"Jogoo, lisome."

Nikamsomea jogoo. Jogoo akapiga mbawa. Tukaendelea hivyo asubuhi nzima, na lazima nikiri kazi ilikwenda haraka kuliko kwa mama, maana jogoo hakuuliza kama u inaliwa. Matusi nayo yalipita bila kuchujwa.

"Jogoo, kuna watu vichwa vyao ni vya kusukia nywele tu."

"Jogoo, kuna watu walistaafu lakini midomo yao iko kazini."

Nikadhani nimevuka mpaka. Halafu nikasikia kitu kama pua inayozuia kicheko, na akanipa swali gumu zaidi.

Nikaona hapo ndipo pa kuuliza lile lililokuwa linaninyima raha. Kalkulasi ya Pili ina sura ya mwisho, mfululizo. Unapewa namba zisizo na mwisho, unazijumlisha, unaulizwa: je, jumla inafika mahali ikatulia, au inakua tu milele? Nilikuwa nimeiomba sura hiyo mara nyingi kupitia kwa mama. Jibu lilikuwa lile lile, mwambie hajaiva.

"Jogoo, muulize mwenye nyumba mfululizo tunaanza lini."

Kiti kikalia. "Jogoo, mfululizo hautoki kwenye mtihani."

Nilikuwa na mitihani ya nyuma mapajani. Nikaifungua mmoja mmoja. Sehemu B, swali la lazima, mfululizo. Mwingine, Sehemu B, swali la lazima, mfululizo. Kila mwaka. Nikahisi damu inanipanda mpaka masikioni. Mtu anaweza kunidharau, sawa. Anaweza kunitukana kupitia kuku. Lakini sapu ilikuwa imekaribia, maisha yangu yote yako juu ya karatasi moja, na huyu mtu anakaa kwenye kiti chake ananidanganya!

"Unatoka kila mwaka!" nikapiga kelele. Sikumwambia jogoo. "Baba, unanidanganya! Kila mwaka unatoka!"

Nikainuka na karatasi zangu, nikazunguka ukuta.

Nilijua ninachofanya. Miguu ilikuwa mizito kama nimekanyaga tope la majaruba, lakini ilikwenda. Nikatokea kwenye baraza, nikainua uso, nikamtazama baba mkwe wangu.

Hakuwa kwenye kiti. Alikuwa amepiga magoti sakafuni, kipande cha chaki mkononi. Na sakafu yote, kutoka mlangoni mpaka kwenye ngazi, ilikuwa imejaa maandishi meupe. Moja jumlisha nusu, jumlisha theluthi, jumlisha robo, jumlisha sehemu ya tano. Namba juu ya namba, desimali ndefu, mistari imepita chini ya kiti ikatokea upande wa pili. Ndipo nikaelewa kwa nini mama alikuwa anapiga deki baraza ile kila jioni huku akisonya. Mwanamume mwenyewe alikuwa mdogo kuliko sauti yake, shavu lina chaki, na alinitazama kama mtu aliyekutwa anaoga.

"Umekuja," akasema.

"Nimekuja."

"Unajua ulichofanya?"

"Na wewe unajua ulichofanya? Umenificha sura nzima! Ningeingia kwenye mtihani, nione Sehemu B, nife pale pale!"

Akajiinua kwa kushika mguu wa kiti, akakaa kwenye ngazi. Akapangusa mikono kwenye suruali, ikazidi kuwa nyeupe. Halafu akasema bila kunitazama, kwa sauti ya kawaida kabisa, kwamba zamani, akiwa mwalimu kijana wa stashahada, alipelekwa chuo kikuu kuongeza elimu. Muhula wa kwanza alipita vizuri. Wa pili alitolewa. Na kilichomtoa ni mfululizo, huu huu ulioandikwa sakafuni. Aliporudi Kyela alisema amefupishiwa masomo kwa sababu shule zina upungufu wa walimu. Wakamwita Profesa, akaitika. Mwanawe, mume wangu, hajui mpaka leo.

"Nilidhani nitaiweza kabla zamu yake haijafika," akasema.

Ningekuwa mtu mwema ningemhurumia hapo. Sikumhurumia hata kidogo.

"Kwa hiyo ukaona tutolewe wote wawili?"

Akaninyooshea chaki.

"Umeshaniona, hakuna cha kuficha tena. Haya, soma hiyo sura, uje unifundishe. Nikielewa mimi, mtihani utakuwa kitu kidogo."

Hapo ndipo mama alipotukuta, jioni, mimi nimesimama na chaki, yeye amekaa kwenye ngazi, uso kwa uso, tunagombana juu ya namba. Alikuwa na chungu kichwani. Hakukiangusha, mama hana mchezo na vitu vyake, alikitua taratibu, akakiegemeza ukutani, halafu ndipo alipopasuka, akimwelekea mumewe.

"Mmenivunjia nyumba! Mimi nimepita kwenye matope ya mpunga miaka yote nisikutane na baba yako wewe uso kwa uso, mvua inaninyeshea, nina mimba, napita kwenye matope! Huyu kaja na hesabu zake, siku moja tu niko sokoni, kamwona mkwe wake kama anavyoona mbuzi!"

Mtu aliyetisha sekondari nzima akafyata. Na mimi pia, maana alichosema kilikuwa kweli. Sikuwa nimewahi kufikiri kwamba yeye naye aliwahi kuwa mkamwana kwenye nyumba ya mtu.

Akaitwa shangazi wa mume wangu, mwanamke mkubwa wa ukoo, akaja na fimbo yake. Akatusema wote wawili kwa Kinyakyusa, mmoja mmoja, mpaka akaridhika. Akachinjwa yule jogoo mwekundu kuondoa mkosi, na nilipokuwa namnyonyoa niliona uchungu wa kweli, maana ndiye mwalimu msaidizi pekee niliyewahi kumpenda. Mwishowe baba mkwe akaomba jambo moja: heshima irudi kama kawaida, lakini baada ya mtihani. Mpaka mtihani uishe, ukuta usiwepo. Shangazi akamtazama mama. Mama akasema, "Mpaka mtihani uishe. Siku ukiisha, huyu anarudi jikoni, nisimwone tena hapa barazani." Akaingia ndani akafunga mlango. Hakusema nami siku nyingi, chakula changu alikuwa anakiweka mezani anaondoka.

Nikasoma ile sura peke yangu, asubuhi. Mchana nilisimama barazani kumfundisha. Jamani! Mhadhiri wangu alikuwa malaika. Huyu alikaa kwenye kiti cha uvivu, mikono kifuani, na kila nikiandika mstari mmoja alikuwa na maswali. Ugomvi wetu ulikuwa ule mfululizo wa moja, nusu, theluthi, robo. Kitabu kinasema jumla yake haitulii, inakua milele. Yeye hakubali.

"Vipande vinapungua," anasema. "Si vinapungua?"

"Vinapungua."

"Vinapungua mpaka vinakaribia kuwa si kitu. Si kitu ukijumlisha na si kitu, unapata nini?"

"Baba, sikiliza. Chukua theluthi na robo. Ukizijumlisha zinazidi nusu. Chukua vinne vinavyofuata, navyo vikijumlishwa vinazidi nusu. Chukua vinane, tena vinazidi nusu. Kila mara unaweza kukusanya nusu nyingine. Nusu na nusu na nusu bila mwisho, hiyo itatulia wapi?"

"Umenitishia. Hujathibitisha."

"Nimethibitisha!"

"Vipande vyenyewe vinakwisha!"

"Havikwishi!"

Majirani walikuwa wanapita njiani wanasikia mkamwana na baba mkwe wanafokeana juu ya nusu na robo, wanashika vinywa. Nilirudia uthibitisho ule kwa chaki, kwa punje za mchele, kwa vipande vya muhogo. Nikaandika kwa njia nyingine. Akapinga. Nikajibu pingamizi. Akaleta jingine. Nilikwenda kulala nikiwa na koo limekauka na chuki mpya, nikiwaza kesho atanishambulia wapi, nijiandae wapi. Nilikuwa sijawahi kuandaa somo lolote hivyo maishani mwangu.

Siku ya mwisho kabla sijapanda gari kwenda Mbeya, nilieleza tena, kwa ufupi, kwa uchovu. Nikamaliza, nikasubiri mapigo. Akaikwaruza ile sakafu kwa kisigino.

"Sawa," akasema. "Nimekubali."

"Umekubali kweli?"

"Nimesema nimekubali. Kumbe ni kitu kidogo hivyo. Nenda kawaonyeshe."

Sijui kama naweza kueleza nilivyojisikia. Njia nzima ya kupanda milima nilikuwa nimevimba kichwa. Mtu aliyeshindwa na jambo hilo tangu ujana wake, mimi ndiye niliyemwelewesha! Nikaingia ukumbini, kisogo kile kile kinapitapita katikati ya madawati, na safari hii sikukiogopa. Intigresheni nilizisoma moyoni kwa sauti ya jikoni, konstanti nikaweka. Sehemu B nikafungua: moja, nusu, theluthi, robo. Thibitisha. Nikaandika uthibitisho, halafu nikaandika na majibu ya kila pingamizi lililonitesa barazani, kana kwamba msahihishaji amekaa kwenye kiti cha uvivu. Nikatoka na karatasi ya maswali mfukoni.

Matokeo yalinikuta Ipyana. C. Nimevuka. Nilipiga kelele uani mpaka mama akatoka ndani akidhani ni msiba, na akiwa bado ameninunia akanikumbatia, akasema "ndaga, ndaga, Mungu asante," kisha akakumbuka akaniachia. "Haya," akasema. "Mtihani umeisha. Sasa jikoni."

Nikaenda jikoni. Ahadi ni ahadi. Lakini kiti ng'ambo kikalia, na sauti ikaja juu ya matundu, "Mwambie alete ile karatasi ya maswali."

"Ya nini?" mama akauliza.

"Mimi sijafanya."

Basi alifanya. Alivaa shati la mikono mirefu, akafunga vifungo mpaka shingoni, akaweka saa yake mezani, na akasema lazima awepo msimamizi. Mama akakataa, akabishana, akasonya, mwishowe akasema, "Haya, siku hii tu." Nikasimama barazani na kanga yangu kichwani, kama nilivyosimamiwa mimi. Aliandika kwa mwandiko mzuri wa ubaoni, taratibu, hakuinua uso. Muda ulipoisha nikamwambia weka kalamu chini, akaiweka.

Nikasahihisha pale pale, kalamu nyekundu, yeye amenikodolea macho. Intigresheni alifanya mbili tu, zote sahihi. Muda mwingine wote aliutumia Sehemu B. Kurasa mbele na nyuma. Nikasoma, nikarudia kusoma, macho yakaanza kuniwasha. Alikuwa ameandika kwa mwandiko ule mzuri kwamba jumla hiyo lazima itulie, kwa kuwa vipande vinapungua mpaka vinakaribia kuwa si kitu. Hoja zake zote za zamani zilikuwepo. Hakuacha hata moja. Hakuwahi kukubali.

Nikajumlisha alama. Nilitaka kumbeba, nakiri, halafu nikaandika alichopata na kukizungushia duara.

"Umeniangusha," akasema.

"Umeanguka mwenyewe, baba. Uliniambia umekubali. Ulinitazama usoni ukasema umekubali."

"Ulikuwa unakwenda kwenye mtihani," akasema.

Mama alikuwa amesimama mlangoni na ufagio, anasubiri nirudi kwenye upande wangu wa ukuta. "Haya, umeisha," akasema. "Mkamwana, jikoni."

Baba mkwe akachukua karatasi yake, akaitazama ile alama nyekundu, akaikunja vizuri akaitia mfukoni mwa shati.

"Haujaisha," akasema, na akanigeukia mimi. "Sapu ni lini?"